Wanaume na wanawake katika mazungumzo: tofauti iko kwenye kusema au kwenye kusikilizwa?

Wanajamvi, salaam.

Humu jukwaani haupiti muda mrefu bila mtu kuandika kwamba mwanamke huongea sana, huzunguka na hasemi anachokitaka, ilhali mwanamume ni mtu wa maneno machache aendaye moja kwa moja kwenye hoja. Madai hayo hayo husikika kwenye mafundisho ya ndoa, kwenye semina za vijana na kwenye kicheni pati, na husemwa kwa uhakika kana kwamba yamepimwa kwenye mizani. Kwa maoni yangu sehemu ndogo ya madai hayo ni kweli, sehemu kubwa si kweli, na jambo lenye uzito kuliko yote huwa haliguswi: mazungumzo ni kazi ya watu wawili, na namna mtu anavyosema hutegemea sana kama amezoea kusikilizwa au amezoea kukatizwa. Nitaeleza kwa urefu, na naomba mwenye hoja tofauti aisome yote kwanza ndipo ajibu.

Tuanze na wingi wa maneno, kwa kuwa hilo ndilo linaloaminiwa zaidi. Kwa miaka mingi zimesambazwa namba zinazosema kwamba mwanamke hutamka maneno 20,000 kwa siku na mwanamume 7,000, bila upimaji wowote wa kuaminika nyuma yake. Mwaka 2007 Matthias Mehl na wenzake walichapisha matokeo ya kuwavisha wanafunzi 396 wa vyuo vikuu, wengi wao Marekani na wengine Mexico, vinasa sauti vidogo vilivyokuwa vikirekodi kwa vipindi vifupi vifupi mchana kutwa. Wanawake walikadiriwa kutamka maneno 16,215 kwa siku na wanaume 15,669, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Kazi kubwa zaidi ya mwaka 2025, iliyohusisha watu zaidi ya 2,000 wa rika mbalimbali, iliona wanawake wakizungumza zaidi kwa kiasi fulani, hasa wa umri kati ya miaka 25 na 64, lakini hata humo tofauti kati ya mtu na mtu wa jinsia moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya jinsia mbili.

Swali lenye faida zaidi ni hili: nani anazungumza wapi? Mwaka 1993 Deborah James na Janice Drakich walizipitia tafiti 56 za Marekani zilizopima nani huzungumza zaidi pale wanaume na wanawake wanapokuwa pamoja. Katika tafiti 34 wanaume ndio waliozungumza zaidi, ama kwa jumla ama katika mazingira fulani, na ni mbili tu zilizoonyesha wanawake wakiwazidi kwa jumla. Wanaume walizidi hasa penye kikao rasmi, penye kazi ya kufanya au uamuzi wa kutolewa, mahali ambapo kusema ni kujijengea heshima. Kwa hiyo mwanamume anayesema kwamba mke wake haishiwi maneno nyumbani, na mke anayesema kwamba mume wake akipewa kipaza sauti harudishi, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anamsikia mwenzake mahali ambapo huyo mwenzake ana nafasi ya kusema.

Nyumbani kwenyewe kuna jambo linalostahili kuangaliwa kwa karibu. Katika miaka ya 1970, Pamela Fishman alipata ruhusa ya kurekodi mazungumzo ya kawaida ya wanandoa watatu nyumbani kwao huko Marekani, jumla ya saa 52. Alihesabu mada zilizoanzishwa: 76, ambapo 47 zilianzishwa na wanawake na 29 na wanaume. Mada 28 kati ya zile 29 za wanaume zilishika na kuwa mazungumzo. Za wanawake zilizoshika ni 17 tu. Wanawake walikuwa wakiuliza maswali mengi zaidi kwa sababu, alivyoona yeye, swali humlazimu mwenzako ajibu neno, ilhali kauli ya kawaida inaweza kuachwa ikapita hewani. Wanandoa watatu ni wachache mno kuthibitisha jambo kwa dunia nzima, nalikubali hilo. Hata hivyo nikisoma maelezo yake naona sebule nyingi ninazozifahamu, ambapo mke anaanza, «Hivi unajua yule jirani amehama?» naye mume, macho yakiwa kwenye taarifa ya habari, anajibu «Mh» moja, na habari ya jirani inaishia hapo. Mume akisema, «Mafuta yamepanda tena,» mke atauliza yamepanda kiasi gani, tangu lini, na nauli ya daladala itakuwaje. Hiyo ni kazi. Ni kazi ya kuyafanya mazungumzo yawepo, na kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazi.

Viitikio vidogo vinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Mwanamke akisimuliwa na mwenzake huitikia kila baada ya sentensi mbili tatu: «Ehee… enhe, ikawaje… wee!… hebu niambie.» Anachosema ni kwamba nipo, nakusikia, endelea. Daniel Maltz na Ruth Borker waliandika mwaka 1982 kwamba, kwa Wamarekani, kiitikio cha mwanamke kwa kawaida huwa na maana hiyo ya kusikiliza, ilhali cha mwanamume huelekea kuwa na maana ya kukubali. Ukiyaweka mazoea hayo mawili nyumba moja, utaelewa magomvi mengi. Mume anamweleza mke mpango wa kuuza kiwanja, mke anaitikia «ehee, ehee» mpaka mwisho, kesho mume anamleta mnunuzi, na mke anashangaa kwa sababu hakuwahi kukubali chochote. Upande wa pili, mke anasimulia jambo refu, mume ananyamaza kimya kwa sababu bado hajafikia mahali pa kukubali au kukataa, naye mke anaona anaongea na ukuta. Hakuna mbaya kati yao, ila kila mmoja amemsoma mwenzake kwa mazoea yake mwenyewe.

Hapa ndipo wengi huleta kazi ya Deborah Tannen, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ambaye tangu mwaka 1990 amejulikana kwa kusema kwamba wanawake kwa kiasi kikubwa huzungumza ili kujenga ukaribu, na wanaume huzungumza ili kutoa taarifa na kulinda hadhi. Mfano unaofahamika ni wa shida na suluhisho. Mke amerudi kazini amechoka.

«Baba Neema, leo msimamizi amenisema mbele ya wateja, nimeaibika sana.»

«Mwandikie meneja barua. Akikaa kimya, tafuta kazi kwingine.»

«Kwani nimekuuliza cha kufanya?»

«Sasa umeniambia ili iweje?»

Mume hakukosa upendo. Ameupa upendo wake sura ya suluhisho, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume anayeletewa tatizo lazima atoke na jibu. Mke alitaka kwanza aibu yake ipate mtu wa kuishika pamoja naye. Naukubali uchambuzi huu mpaka hapo, na nimewaona wanandoa walionufaika kwa kuuliza swali moja tu kabla ya kujibu: unataka nikusikilize au tutafute njia?

Ninachokikataa ni kuishia hapo, kana kwamba mume na mke ni makabila mawili yaliyokutana sokoni, yenye nguvu sawa, yakikosa mkalimani tu. Hawana nguvu sawa mahali pengi, na nguvu hiyo inasikika kwenye mazungumzo. Mwaka 1975 Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchunguzi wa mazungumzo waliyorekodi California. Katika mazungumzo 11 ya mwanamume na mwanamke walihesabu ukatizaji 48, na 46 kati ya hiyo ulifanywa na mwanamume. Tafiti zilizofuata hazikuendelea kupata tofauti kubwa kiasi hicho, na baadhi zimeonyesha kwamba si kila kuingiliana kwa sauti ni kukatizana. Yeyote aliyewahi kukaa uani na akina mama wanaochambua mchele anajua kwamba sauti tatu zinaweza kwenda kwa pamoja, huyu akimalizia sentensi ya yule, na hakuna anayehisi amenyang'anywa zamu yake. Kukatizwa kunakouma ni kule ambako baada yake hadithi yako haiendelei tena.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Nilihudhuria mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi, ajenda ikiwa chakula cha mchana cha wanafunzi. Wanaume walikaa kwenye viti vya mbele, wanawake wengi kwenye madawati ya nyuma na wengine kwenye mkeka mlangoni. Kamati ilipendekeza gunia moja la mahindi litumike kwa siku tano, kwa watoto karibu 300. Mama mmoja, ambaye mtaani ndiye anayeitwa kupika kila penye msiba, alisimama nusu na kusema, «Samahani mwenyekiti, mimi haya mahesabu siyajui vizuri, lakini hivi gunia moja kwa watoto wote hawa litafika kweli siku ya tano?» Mwenyekiti akajibu, «Litafika mama, usiwe na wasiwasi. Tuendelee.» Mama akaketi. Baada ya muda mzee mmoja wa mbele akanyoosha mkono na kusema, «Mwenyekiti, gunia halitoshi, tuweke mawili,» na mwenyekiti akasema hiyo ni hoja nzuri. Kwenye muhtasari uliosomwa mkutano uliofuata iliandikwa kwamba mjumbe mmoja aliuliza kuhusu mahindi akajibiwa, na kwamba mkutano uliazimia magunia mawili kwa pendekezo la mzee huyo, ambaye jina lake liliandikwa.

Angalieni vizuri kilichotokea pale. Yule mama hakuwa akiuliza. Alikuwa akipinga, tena kwa ujuzi kuliko yeyote aliyekuwa mle ndani, kwa maana mtu aliyepika makande ya misiba anajua kilo mia zinalisha watu wangapi. Alilivika pingamizi lake vazi la swali, akalitanguliza na samahani na kukana ujuzi, kwa sababu anajua mwanamke anayesimama mbele ya wazee na kusema «gunia halitoshi» ataitwa mjuaji. Kisha vazi hilo hilo likatumika kumnyima hoja yake. Akisema wazi ana kiburi, akisema kwa upole hana hoja.

Robin Lakoff aliuelezea mtego huu mwaka 1975, alipoorodhesha alama alizoziita lugha ya wanawake: kuomba radhi kabla ya kusema, kulainisha kauli kwa «nadhani» na «labda», kumalizia kauli kwa swali dogo kama «au siyo?» Wengi waliomsoma juu juu walidhani alama hizo zimo kwenye damu ya mwanamke. William O'Barr na Bowman Atkins wakaenda kusikiliza mashahidi mahakamani katika jimbo la North Carolina, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1980, yalionyesha kitu kingine. Wanawake wenye taaluma na hadhi, kwa mfano waliokuja kutoa ushahidi wa kitaalamu, walikuwa na alama chache za namna hiyo, na wanaume wasio na kazi ya heshima wala uzoefu wa mahakama walikuwa nazo nyingi. Hiyo ni lugha ya mtu asiye na nguvu mahali alipo. Mwanamume aliyeitwa ofisini kwa afisa mkubwa kuomba kibali naye husema «samahani mkuu, sijui kama nitakuwa nimekosea.»

Sasa niligeukie lile la kuzunguka. Wanaosema kwamba mwanamume kwa maumbile ni wa moja kwa moja wavuke bahari kidogo tu mpaka Madagaska. Elinor Keenan, aliyeishi katika kijiji cha nyanda za juu za kati za kisiwa hicho, aliandika mwaka 1974 kwamba huko wanaume ndio waliosifiwa kwa kusema kwa mafumbo, kwa kupunguza makali, kwa kutomkabili mtu uso kwa uso, na hotuba za sherehe walizoziita kabary zilikuwa mikononi mwao. Wanawake ndio waliosema wazi: walibishana bei sokoni, waliwakemea watoto, walimwambia mkosaji kosa lake, na mara nyingine wanaume waliwaachia wao kazi ya kusema yale ambayo wenyewe wasingeyatamka. Ni kinyume kabisa cha tunachoambiwa. Lakini jambo moja halikugeuka: namna ya wanaume, yaani kuzunguka, ndiyo iliyohesabiwa kuwa busara, na uwazi wa wanawake ukahesabiwa kuwa upungufu wa adabu. Kwa hiyo thamani inafuata aliye na cheo, namna yoyote atakayoitumia kusema.

Hatuhitaji hata kusafiri. Nendeni kwenye posa. Hakuna mazungumzo yanayozunguka kuliko ya wazee wa kiume waliotumwa na upande wa kijana: wamepita njia, wameona ua zuri katika bustani ya nyumba hii, wangependa kujua kama lina mwenyewe. Kila mtu sebuleni anajua walichofuata. Hakuna anayesema wazee hawa hawajui wanachotaka. Tunawasifu kwa hekima yao, na kijana asiye na mshenga mwenye ulimi wa namna hiyo huonekana hana watu.

Mwanamke naye ana kanga. Mwanaisimu Saida Yahya-Othman aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, na mtu yeyote aliyekulia pwani analijua jambo lenyewe. Mke anajifunga kanga yenye «Mdhaniaye ndiye kumbe siye», anapita mbele ya wifi yake, hasemi neno. Aliyekusudiwa ameelewa, majirani wameelewa, na akiulizwa atajibu kwamba amevaa tu nguo yake. Naiheshimu sana sanaa hiyo. Hata hivyo naona pia kwamba mtu huchagua kauli anayoweza kuikana pale ambapo kauli ya wazi ingemletea adhabu.

Mfano ulionigusa kuliko yote unatoka mahakama za Kadhi huko Mombasa na Malindi, ambako Susan Hirsch alifanya utafiti katika miaka ya 1980 na kuuchapisha mwaka 1998. Picha inayokubalika pwani ni kwamba mume hutamka na mke huvumilia: mume kwa neno lake anaweza kutoa talaka, na mke mwema hatoi siri za nyumba nje. Wanawake wengi walifika mahakamani wakiwa na uzito huo kifuani. Lakini mahakama inataka maelezo, na mwenye maelezo ni mwenye kusimulia. Wakasimulia: lini chakula kilikatwa, nani aliitwa kusuluhisha, mume alijibu nini. Wanaume wengi, waliozoea kutamka kwa kifupi na kutiiwa, walikanusha kwa ufupi huo huo. Hirsch anaonyesha kwamba ingawa mwanamke aliyesimulia alijiweka kwenye hatari ya kuonekana mtoa siri asiye na uvumilivu, mara nyingi aliondoka na hukumu iliyompendelea. Usimulizi mrefu wenye tarehe, majina na maneno yaliyosemwa, ambao nyumbani unaitwa umbea, mbele ya Kadhi uligeuka kuwa ushahidi.

NYONGEZA. Nimesoma michango ya awali na naomba nijibu mawili.

Wa kwanza ameuliza kama nakana maumbile. Sisemi kwamba mwili hauna lake. Nasema kwamba mambo tunayogombania hapa, yaani nani anakatiza, nani anauliza, nani anaomba radhi kabla ya kusema, yanabadilika mtu yule yule anapohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, ndani ya saa moja. Mama aliyesema «mahesabu siyajui» mbele ya mwenyekiti, nimemsikia jikoni kwenye msiba akiwaamuru vijana wa kiume wanane bila «samahani» hata moja: wewe kuni, wewe maji, sufuria hilo halijaoshwa.

Wa pili, mwanamume, ameandika kwamba wanaume pia hawasikilizwi, na kwamba akijaribu kueleza huzuni yake huambiwa ajikaze. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na nasikitika kwamba jambo hili linapewa nafasi ndogo. Tunapenda kusema wanaume hawana mazungumzo ya ukaribu, kwa sababu tunatafuta ukaribu wa kutazamana usoni. Keti kwenye kijiwe cha kahawa au penye bao. Wanaume wamekaa ubavu kwa ubavu, macho kwenye kete, utani unapita, Simba na Yanga zinagombaniwa, na katikati yake mmoja anasema, bila kuinua kichwa, «Mzee hali yake siyo nzuri.» Mwenzake anacheza kete yake na kuuliza, «Mmempeleka wapi?» Jioni huyo mwenzake anatuma hela ya dawa bila kuombwa. Huo ni msaada wa kweli. Kinachokosekana ni pale mambo yanapozidi kile ambacho utani unaweza kubeba, yaani mtoto amefariki, ndoa imevunjika, kazi imekwisha, na kijiwe chote kina neno moja tu la kumpa: jikaze. Mwanamume huyo akirudi nyumbani hana mazoea ya kuanza, na mke ambaye amejibiwa «Mh» kwa miaka mingi ameacha kuuliza.

Nirudi kwenye vikao, kwa kuwa hapo kuna la kufanya hata kabla tabia hazijabadilika. Katika vikundi vya Vicoba nilivyovifahamu, mwanachama huitwa kwa namba yake wakati wa kuweka hisa, na zamu inamfikia kila mmoja bila kunyoosha mkono wala kugombania nafasi. Kikundi kimoja kilikuwa kikitumia utaratibu huo huo hata kwenye majadiliano ya mikopo, na wanawake ambao kwenye mikutano ya mtaa hukaa kimya walikuwa wakitaja kiasi, sababu na jina la asiyefaa kudhaminiwa, kwa sauti ya kawaida. Katibu wa kikundi hicho alikuwa na kawaida nyingine: mtu akiuliza swali lenye pingamizi ndani yake, alimuuliza kabla ya kuandika, «Niandike kama swali au kama hoja?» Mara nyingi jibu lilikuwa hoja.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuwa wenyeviti au makatibu wa kamati za shule, za harusi, za maji au za misikiti na makanisa: mnapoandika muhtasari, mnafanyaje na hoja iliyokuja kama swali, na jina la nani linabaki kwenye azimio?